Haki Inahitaji Kaye na Biki



Wengi wametuuliza kwa nini uchaguzi wa washangiliaji wa shule, wale tunaowaita animatere, umechukua majuma matatu mwaka huu, wakati mwaka uliopita ulimalizika kwa rekreasyo moja. Wengine wamesema makapita wanapenda makaratasi. Wengine wamesema tuliogopa watu. Sisi makapita watano, na zaidi sisi tunaoandika hapa, kapita mkuu na finalisti, tuko na deni la jibu. Tutalitoa wazi, hata ile sehemu isiyotupendeza.

Tuanze na mwaka uliopita, kwa sababu pale ndipo tulipokosea.

Siku ile tulisimama mbele ya bendera saa ya rekreasyo, tukapaza sauti: "Nani anataka kuwa animatere?" Mikono mingi ikanyanyuka. Tukaonyesha kwa kidole: wewe, na wewe, na yule. Tulichagua watu 12 kwa dakika zisizofika 10. Leo tukiangalia ile lisiti, tunaona kitu ambacho siku ile hatukukiona. Wanane walikuwa wa madarasa yetu wenyewe. Wawili walikuwa wadogo wa marafiki zetu. Wengine tuliwachukua kwa sababu walikuwa wazuri wa sura, au kwa sababu tulijua kwao wataweza kulipa maiyo ya kikundi. Hatukuiba kitu. Hakuna aliyetupa hata franka moja. Tulichagua wale ambao macho yetu yalikuwa yamezoea, basi.

Mechi ikafika, sisi na shule ya jirani. Mpaka mapumziko animatere wetu walipiga kelele vizuri, juu hakuna aliyekuwa amefunga. Kisha wale wenzetu wakafunga bao. Palepale wetu 12 wakanyamaza kama watu waliomwagiwa maji. Wakaanza kutazamana. Mmoja akatengeneza nywele. Uwanja wetu wote ukawa baridi.

Ndipo sauti moja ikatoka nyuma, karibu na ukuta, mahali wanaposimama wadogo wa darasa la saba na la nane. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba lakini yenye nguvu, inaanza wimbo peke yake. Wa pili akaitikia, kisha kumi, kisha shule nzima. Tulipoteza mechi, lakini tulirudi nyumbani tukiimba.

Nyuma ya mechi tukamwita. Tukamwuliza kwa nini hakunyanyua mkono siku ya uchaguzi. Akatuangalia kwa mshangao:

"Yaya, mulichaguaka saa ngapi? Siye ba mangaribi tulikuwa bado ku nyumba."

Ndugu wasomaji, hatukuwa na la kujibu. Nyote munajua shule yetu inasoma mara mbili kwa siku, wakubwa asubuhi na wadogo mangaribi, kwa sababu vyumba havitoshi. Sisi tulichagua asubuhi. Nusu ya shule haikukataliwa, la. Haikuitwa hata kidogo. Na aliyekosa mwito hawezi hata kulalamika, kwa maana hajui alichokosa.

Swali la yule msichana lilikaa ndani yetu likizo yote. Mwaka huu, Baba Prefe alipotuita katika buro yake kuhusu mechi za shule, alisema maneno machache tu: "Kama mutafanya sawa na mwaka uliopita, heri tukose washangiliaji." Tukaomba atuachie kazi hiyo, akatuachia, kwa sharti moja: kila kitu kiandikwe ndani ya kaye, na kaye irudi kwake.

Mbele ya kuanza, tulienda kwa kamati ya wazazi. Mama mmoja wa kamati hakufurahi. Alituambia kwamba neno lenyewe, animasyo, linamwumiza. Alisoma shule katika miaka ya 1980, wakati nchi yetu iliitwa Zaïre na chama kilikuwa kimoja. Wakubwa wa chama wakija, wanafunzi walitolewa darasani, wakapangwa mistari barabarani, wacheze na kumwimbia Mobutu. "Banatuchagua kwa sura na kwa urefu," alisema. "Hakuna aliyeuliza kama unapenda. Na kukataa, utakataa mbele ya nani?" Mambo ya chama kimoja yalitangazwa mwisho wake tarehe 24 Aprili 1990, lakini mama yule hakusahau lile jua la barabarani. Hakutuomba tuache. Alituomba mambo matatu: asilazimishwe mtu, mavazi yawe ya heshima, na mwalimu wa kike awepo wakati wote wa mazoezi. Tuliandika yote matatu kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye.

Wavulana fulani nao walikuwa na neno lao. Walisema kushangilia ni kazi ya wasichana, mvulana akiingia atachekwa. Tuliwajibu kwa historia. Ushangiliaji huu wa kupangwa, mtu kusimama mbele ya watu na kuwaongoza kupaza sauti pamoja, ulianza Marekani katika chuo kikuu cha Minnesota. Tarehe 2 Novemba 1898 mwanafunzi mmoja, Johnny Campbell, alisimama mbele ya watazamaji akawaongoza. Miaka mingi ya kwanza kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Wasichana walikubaliwa pale Minnesota mwaka 1923 tu. Basi kama kuna mtu wa kuomba ruhusa ya kuingia, kwa historia si mvulana. Walicheka, lakini 11 walijiandikisha.

Sasa tueleze tulivyofanya, ili wale watakaotufuata wasianze na mikono mitupu.

Jambo la kwanza, tangazo. Tulilibandika ukutani majuma mawili mbele ya siku yenyewe, na tukalisoma katika kila darasa, asubuhi na mangaribi. Kapita aliyelisoma aliweka saini ndani ya kaye pamoja na saa. Tangazo lilisema siku, saa, nafasi ngapi (16), na namna pointi zitakavyotolewa. Watu 43 walijiandikisha, na 19 kati yao walikuwa wa mangaribi.

Jambo la pili, kufundisha wote kitu kimoja. Mwaka uliopita, aliyekuwa na kaka mwenye kujua kucheza alikuja amejitayarisha, na mwingine akaja hivi hivi. Mwaka huu tulifundisha wote, siku tatu mfululizo, saa sita na nusu, wakati wa asubuhi wanatoka na wa mangaribi wanaingia. Hatua mbili kuume, mbili kushoto, makofi matatu, na maneno haya tuliyoyatunga wenyewe:

Mpira ni wa nani? Wa kwetu!
Uko mu miguu ya nani? Ya kwetu!
Tukifunga, tunacheka mtu? Hapana!
Wakitufunga, tunanyamaza? Hapana!

Ule mstari wa nne tuliuweka kusudi. Munajua sababu.

Jambo la tatu, pointi. Zilikuwa 20, kama mtihani mwingine wowote: sauti 5, kufuata mwendo 5, ukumbusho wa maneno na hatua 4, kuamsha watu 4, heshima kwa wenzake 2. Hakuna pointi ya sura. Hakuna pointi ya nguo; kila mtu alivaa yunifomu yake ya shule, bluu na nyeupe, na wenye kuchaguliwa watafunga tu kitambaa mkononi, ambacho hakishindi mfuko wa mtu. Kuruka juu sana hakukuongeza kitu, na kupandana mabegani tulikataza kabisa. Uwanja wetu ni udongo mgumu, na hatuko na matela ya kumpokea anayeanguka. Mechi moja haistahili shingo ya mtu.

Jambo la nne, majina. Mbele ya juri hakuna jina, kuna namba. Tulikata karatasi za kaye za zamani, tukaandika 1 mpaka 43, kila mmoja akaokota yake katika kofia na kuibandika kifuani kwa pini.

Jambo la tano, juri yenyewe. Walikuwa watu watano: mwalimu wa mazoezi ya mwili kutoka shule nyingine, mama anayeongoza kwaya, mwanafunzi wa zamani, kapiteni wa ekipi yetu ya mpira, na kapita mmoja wa kike. Wa sita, mwalimu wa hesabu, alikaa pembeni. Kazi yake ilikuwa hii: mtu wa juri akiona ndugu yake anakuja mbele, anaweka biki chini, na wa sita anashika nafasi yake. Kila mmoja aliandika pointi zake mbele ya kusema neno lolote, maana anayesikia mwenzake akisema "ah, huyu ni mukali!" hawezi tena kuandika yale macho yake yaliyoona.

Sisi tunaoandika hatukukaa katika juri. Mdogo wetu, wa tumbo moja na sisi, alikuwa amejiandikisha, na wote walijua. Tulijipa kazi ya kuhesabu tu. Tulifikiri hesabu haina ndugu.

Siku ya posho ikafika, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha uwanja umelowa. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo tuliacha mambo ya spika tukaazima ngoma ya kwaya. Asubuhi na mapema tulikuta kazie moja ya sukre imewekwa karibu na meza ya juri. Mleta alisema ni zawadi kutoka kwa mzazi, "juu ya kiu ya juri." Pengine ilikuwa kiu tu. Hata hivyo tulimrudishia kwa shukrani, na juri ilikunywa maji ya bomba kama watu wengine.

Walikuja watatu watatu, kundi la mwisho wanne. Kwanza yale maneno tuliyofundisha, kisha kila mmoja dakika moja peke yake afanye anachotaka. Kulikuwa na kicheko kingi. Namba 14, mvulana mnene mwenye furaha, alijitupa chini katika matope akaruka kwa matako kama Kidiaba. Nani hapa Katanga hajui ile? Desemba 2010, TP Mazembe walipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, kule Abu Dhabi, kipa Robert Kidiaba alisherehekea hivyo, na dunia ikaona. Katika fainali Inter Milan walitufunga 3 kwa 0, lakini ile ruka ya Kidiaba ilibaki. Uwanja wote ulipiga kelele kwa namba 14, na kapita mmoja akanong'ona: "Huyu tumpe yote!" Lakini juri ilikuwa na safu tano kwenye karatasi. Katika kuamsha watu alipata 4 kamili kwa wengi wao. Katika ukumbusho alipata 1, kwa sababu alikuwa amesahau hatua zote tangu mwanzo. Hakuingia. Yeye mwenyewe alipoona karatasi alisema, "Ni kweli, sikujifunza." Hatukupata ugomvi naye.

Yule msichana wa mwaka uliopita, sasa yuko darasa la nane, alipata namba 5. Alitoka wa pili kwa wote. Wa juri watatu kati ya watano hawakuwa wamemwona hata siku moja.

Sasa tunafika kwenye ile sehemu tuliyoahidi.

Mangaribi ile tulikaa peke yetu darasani na karatasi 215, yaani watu 43 mara watano wa juri. Kila mtu jumla yake ilikuwa juu ya 100. Tulihesabu pole pole, tukaandika kwenye kaye, tukapanga. Nafasi ya 16, ya mwisho, ilikuwa na namba 27, pointi 71. Ya 17 ilikuwa namba 31, pointi 70. Namba 27 ni mdogo wetu.

Hatutaficha: tulifurahi. Tuliona tayari tunaingia nyumbani na habari hiyo. Hatukugusa kitu, hatukugeuza hata alama moja. Tulikuwa safi mbele ya Mungu na watu, hivyo tulivyofikiri.

Lakini ndani ya kaye, ukurasa wa pili, tulikuwa tumeandika wenyewe: hesabu ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, na wa pili asione ya kwanza. Ilikuwa imeshakuwa saa kumi na mbili, giza linaingia. Tulifikiri kuacha. Nani angeuliza? Kisha tukakumbuka lile swali, "mulichaguaka saa ngapi?", tukamwita kapita mwenzetu. Alihesabu kwa mwanga wa telefone. Alipomaliza alikaa kimya kidogo, akasema: "Kwa 27, miye naona 69."

Tukabishana. Tukatoa karatasi tano za namba 27. Karatasi ya mama wa kwaya ilikuwa na jumla ya 13. Sisi tuliisoma 15. Kweli ile 3 yake ilikuwa na kichwa bapa, inafanana kidogo na 5. Lakini pointi za safu zilikuwa pale juu, ukizijumlisha unapata 13, na kwa watu wengine 42 tulikuwa tumezijumlisha. Kwa huyu mmoja, macho yetu yalipita haraka kwenye jumla na kuona yalichotaka kuona. Hatukuiba. Lakini kosa lilipokuja, lilikuja upande wa nyumba yetu.

Tuliandika 69. Namba 31 akapanda katika nafasi ya 16. Ni mvulana wa mwaka wa kwanza wa humanités, mtu wa maneno machache, ambaye hata jina lake tulikuwa hatulijui mpaka tulipofungua lisiti.

Kazi moja asubuhi matokeo yalibandikwa, namba na pointi za wote 43, na kila mmoja aliruhusiwa kuja kuona karatasi zake. Nyumbani tulikuwa tumekwisha kusema tangu Jumapili. Mdogo wetu alituangalia kwa muda mrefu. "Yaya, uko kapita juu ya nini basi?" Kisha hakusema nasi siku mbili. Mama alitia chumvi katika mboga, akaonja, akasema bila kugeuka: "Na mutoto wa kwetu, ulimuacha inje." Halikuwa swali, na sisi hatukulijibu.

Siku ya tatu mdogo wetu alikuja mwenyewe kwenye buro ya nidhamu, kama wengine, akaomba karatasi za namba 27. Tulimpa, tukatoka nje. Alizisoma zote tano. Katika ukumbusho watu wanne walikuwa wamempa 2 juu ya 4. Alipotoka alisema, "Nilisahau ule mustari wa mwisho." Tukasema, "Ndiyo." Akasema, "Wakitufunga, tunanyamaza? Hapana." Akaenda darasani kwake. Jioni ile alikula pamoja nasi.

Ndugu wasomaji, hii ndiyo sababu ya majuma matatu. Tulikuwa tukiamini kwamba mtu wa haki ni mtu wa moyo mzuri. Mwaka uliopita moyo wetu ulikuwa mzuri, na nusu ya shule ilibaki nyumbani. Mwaka huu moyo ulikuwa mzuri zaidi, na 3 ikageuka 5. Moyo mzuri unapenda, na ukipenda unapendelea bila kujua. Kwa hiyo tangazo liandikwe, saa iandikwe, pointi ziandikwe mbele ya maneno, na mwingine ahesabu nyuma yako.

Kikundi cha 16 kimeanza mazoezi kila siku ya tatu, na mwalimu wa kike yupo. Wale 27 waliobaki tumewaomba wasimame mbele ya watazamaji siku ya mechi, wawe wa kwanza kuitikia, na wengi wamekubali. Mdogo wetu hajasema ndiyo wala hapana. Tunamwacha.

Sisi tutaondoka mwisho wa mwaka, baada ya Egzame d'Etat. Kaye tumeirudisha kwa Baba Prefe, na atawakabidhi makapita wapya. Muifungue mbele ya kuita mtu yeyote. Ukurasa wa 14 mutaona 71 imekatwa kwa mstari mmoja na 69 imeandikwa pembeni, na saini mbili. Tuliombwa tuuandike upya ule ukurasa uwe safi, lakini tumeuacha vilevile.